Kanga ya Nyamizi

Sogeeni karibu, na mwenye karanga azitafune taratibu, maana nikimaliza nitataka jibu, na sitaki kuambiwa hamkusikia.

Huko Nzega alikuwepo binti aitwaye Nyamizi, haoni tangu utotoni. Alisoma darasa moja na wanaoona, na hesabu alizipenda kuliko ubwabwa. Shida ni kwamba shule haikuwa na kitabu hata kimoja cha hesabu cha nukta nundu, zile nukta zinazosomwa kwa vidole. Mwalimu mkuu akasema, "Akishindwa jaribio, tutamwombea asamehewe hesabu." Nyamizi alilia, kwa sababu yeye alitaka aje kuzifundisha.

Mwalimu Masunga alijaliwa subira. Alijifunza nukta nundu ukubwani, akanakili kitabu kizima kwenye karatasi ngumu, nukta moja moja kwa kalamu ya chuma, mpaka kidole kikaota sugu. Kila namba aliyoisoma Nyamizi ilitoka mkononi mwake.

Bi Tatu, fundi cherehani wa sokoni, alijaliwa mkono mwepesi. Michoro ilimshinda Mwalimu, basi Bi Tatu akachukua kile kigurudumu chake cha meno cha kuwekea alama kwenye vitambaa, akakibingirisha juu ya karatasi, na upande wa pili ukaibuka mstari wa kupapasa. Alichora michoro arobaini, na hata soda hakutaka.

Minza, aliyekaa dawati moja na Nyamizi, alijaliwa udadisi, ule wa kumchosha mama yake.

Siku ya jaribio ukaja mchoro wa shamba, mmoja wa ile arobaini: mto uko upande gani wa nyumba? Darasa zima likajibu kulia. Nyamizi akajibu kushoto, na maswali ya michoro yaliyofuata akakosa yote. Mwalimu Masunga akaanza kuandika barua ya kumwombea asamehewe hesabu, moyo ukimuuma.

Minza akafumba macho, akaipapasa karatasi ya mwenzake. "Mwalimu, kwake mto uko kushoto kweli. Mchoro umegeuka."

Jamani, ndivyo ilivyokuwa. Bi Tatu alichora kama ilivyo kitabuni, akasahau kwamba mstari unaibukia nyuma, na ukigeuza karatasi, kulia kunakuwa kushoto. Mwalimu naye hakukagua. Waliona aibu wote wawili. Bi Tatu akarudia yote arobaini, safari hii kinyume. Nyamizi akarudia jaribio, akafaulu, kisha akafanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake, akawa wa kwanza kwa hesabu.

Sasa, desturi ya shule ile, aliyefaulu huja na doti ya kanga. Kipande kimoja humfunika mama yake, cha pili humfunika aliyemsaidia kuliko wote. Mama alishafunikwa.

"Mpe Bi Tatu," akasema Mwalimu.

"Mimi niliyempotosha mtoto wa watu? Mpe Minza."

"Mimi nilisema neno moja tu. Apewe Mwalimu."

Nyamizi akacheka huku machozi yanamtoka. "Nawashukuru kuliko ninavyoweza kusema," akawaambia, "ila nimeambiwa nichague mmoja."

Akasimama katikati yao, kanga ameikunjua mikononi, akisikiliza kila mmoja anavyorudi nyuma kumpisha mwenzake.

Haya, wewe mwenye karanga ndiye utakayeanza. Ingekuwa wewe, ungemfunika nani?