Mwambangoma Uliovalishwa Maua ya Plastiki

Ndugu zangu, kulikuwa na baba mmoja aliyepanda mwambangoma mbele ya nyumba yake. Alileta tawi kutoka kwao mlimani, akalichomeka ardhini, likashika. Mti ukakua, ukampa kivuli, ila maua hakuwahi kuyaona.

Basi, wageni wa posa ya binti yake wakaleta habari kwamba wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wiki hiyohiyo, kiangazi kikali, mti ukapukutisha majani yote. Ukabaki matawi matupu. Mzee wa watu akakosa raha. Wageni waingie wakute mti mkavu mlangoni? Si watasema nyumba hii haina baraka, wageuze na posa yao?

Mkewe akamwambia, "Baba, mwambangoma ndivyo ulivyo. Huvua majani kwanza, ndipo uchanue. Uache."

"Niuache niaibike?"

Akaenda sokoni, akanunua maua ya plastiki, mekundu, yale ya kupambia kumbi za harusi. Akapanda ngazi, akayafunga kwa waya kwenye tawi linaloonekana kutoka barabarani, akakaza kwelikweli. Akashuka, akatazama, akaridhika. Wako wapi wale waliopaka rangi ukuta wa mbele tu kwa sababu wageni wanakuja? Mnacheka nini? Nimetaja jina la mtu?

Jumamosi ile wageni wakaingia kwa vigelegele, wakasimama midomo wazi. Mti ulikuwa umewaka maua mekundu kila upande, ndege wamejaa wanafyonza. Posa ikapokelewa, watu wakacheza palepale chini yake. Ila shangazi wa kijana akainua macho, akauliza, "Mzee, mbona tawi hili la mbele halina ndege hata mmoja?"

Baba akapanda, akafungua waya. Chini ya plastiki akakuta vitumba vya maua, vimesagika vyote. Mti mzima ulichanua, isipokuwa pale alipousaidia.

Na sisi je? Mungu akituvua majani kidogo, mbio sokoni. Ndoa imekauka, tunaifunga tabasamu la picha. Sala imekauka, tunaifunga sauti kubwa. Halafu tunamlalamikia Mungu kwamba hapo hapachanui.

Wewe uliyekuja leo ukiwa matawi matupu, mimi nakufurahia. Aliyekupanda anajua msimu wako. Nenda nyumbani, weka ngazi, fungua waya.