Wasomaji wa Khitma ya Bimkubwa

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, safu ya kwanza haina miiba. Leo nina kisa cha kutunga tu, lakini sitashangaa mtu akitoka hapa anadai nimemsema yeye.

Kulikuwa na bibi mmoja katika mji mmoja wa pwani. Watu wote walimwita Bimkubwa, hata waliomzidi umri. Kila siku baada ya Alasiri alitandika mkeka ukumbini kwake, akawasomesha Kurani watoto wa mtaa mzima. Hakuwa na chuo chenye kibao mlangoni. Alikuwa na mkeka, kijiti cha kuonyeshea herufi, na karai la mafuta jikoni, maana wakati huohuo alikuwa anakaanga kaimati za kuuza. Wewe unasoma ukumbini, yeye yuko jikoni anageuza kaimati, ukivuta pasipovutwa unasikia, "Rudia hapo, baba." Msahafu hauoni, uso wako hauoni. Alijuaje? Kurani ilikuwa imemkaa moyoni, basi.

Na mtoto akimaliza juzuu yake ya kwanza, mtaa mzima ulijua. Bimkubwa alimvisha koja la asumini akamtembeza nyumba kwa nyumba, kina mama wanapiga vigelegele, huyu anatoa shilingi, yule anatoa halua. Naona mzee mmoja pale anatabasamu. Ulivishwa na wewe? Nimesema ni kisa cha kutunga, lakini kina mama wa namna ile tuliwaona sote.

Bimkubwa akawazaa wake pia, akawasomesha wote. Wakakua. Mwanawe mkubwa akafungua duka la vipuri vya magari, mwingine akaenda Dubai, binti akaolewa bara, wengine wakabaki mjini. Kisha Bimkubwa akafariki, Mola amrehemu, na mji ukasimama.

Msije mkadhani watoto wake walikuwa wabaya. Walimpenda kweli. Kila mwaka walikutana nyumbani kwake kumsomea khitma, Kurani nzima, juzuu zote thelathini. Mbuzi walichinjwa, pilau likapikwa, udi ukafukizwa mpaka barabarani. Na Kurani nani aliisoma? Walialikwa vijana wa chuo cha Kurani cha mtaa wa pili. Wao walisoma ukumbini, na watoto wa Bimkubwa walikaa barazani wakisimulia habari zake. Unakumbuka alivyokuwa akificha kaimati za mwisho kwa ajili ya yule mwendawazimu wa sokoni? Unakumbuka alivyokuwa akituamsha Alfajiri kwa kutumwagia maji miguuni? Walicheka, walilia. Kisha dua, kisha sinia.

Mwaka mmoja vijana hawakutokea. Kumbe mwalimu wao alikubali khitma mbili siku moja, na ile nyingine ilikuwa na biriani.

Juzuu zimepangwa kwenye sanduku lake, na jua linateremka. Majirani walioalikwa kula watafika baada ya Magharibi. Mwana mkubwa akasema, "Basi tuombe dua tu, watu wapate kula. Mungu anajua nia zetu."

Nyuma ya pazia alikaa mama yao mdogo, ndugu wa mwisho wa Bimkubwa, ambaye macho yake yalishaacha kuona. Akauliza, "Dua ya kukhitimisha kitu gani, mwanangu? Hamjaanza."

"Vijana wamechelewa, mama mdogo."

"Na nyinyi je? Dada yangu hakuzaa?"

Juzuu zikagawiwa. Sasa watazameni wana wa Bimkubwa. Mmoja amesahau miwani. Mwingine simu yake imelia, ingawa hakuna aliyeisikia. Mwingine amekwenda kuangalia pilau, wakati pilau lina wapishi wake. Akabaki mkubwa, juzuu imo mkononi na watoto wake mwenyewe wanamtazama. Akaifungua. Mstari wa kwanza akauburura. Wa pili akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale, jasho linamtoka.

"Mama mdogo," akasema, "sijui tena."

Akalia kuliko alivyolia siku ya maziko. Siku ile alimzika mama yake. Leo ndiyo alijua kwamba na alichoachiwa na mama yake alikwisha kukizika.

Mara hao vijana wanaingia, wanahema. "Tuwie radhi, bwana. Tupeni juzuu, tutamaliza kabla ya Magharibi."

Wakanyoosha mikono. Yule bwana akaibana juzuu yake kifuani.

"Msitusomee," akasema. "Tusomesheni."

"Leo hii? Na khitma?"

"Leo aya mbili. Kesho nyingine mbili."

Pilau lililiwa jioni ile bila khitma, na majirani walinong'ona sana, aibu ikawa aibu kweli. Mwaka ule Bimkubwa hakusomewa. Alisomewa mwaka uliofuata, kwa kukwamakwama, yule wa Dubai akisoma kwa simu, juzuu zote, kwa midomo ya watoto na wajukuu wake.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi ambao tukitajiwa mama zetu na bibi zetu macho yanalowa hapohapo. Picha zao tumezitundika, makaburi yao tumeyasakafia, na kila mwaka tunakodi maturubai. Ni mapenzi, sikatai. Lakini nyumba ile iliyokuwa ikiamka Alfajiri, leo nani anaamka? Yule mgonjwa aliyekuwa akipelekewa uji kila asubuhi, leo nani anampelekea? Ndugu wawili waliokuwa wakipatanishwa na bibi kabla jua halijazama, leo wamenuniana tangu lini, na sisi tuko barazani tunasimulia jinsi bibi alivyokuwa mpatanishi hodari?

Ndugu zangu, iko kazi moja mama yako aliifanya kwa imani yake kila siku, na tangu alipofariki hakuna wa nyumbani kwenu anayeifanya. Sihitaji kukutajia. Ilikujia kichwani nilipokuwa nazungumza, ukajifanya huioni. Ianze leo jioni, na ukikosea, endelea.