Kibuyu cha Nungunungu na Kitundu cha Juu

Paukwa!

"Pakawa!"

Wewe Dzombo umeitikia na mahindi mdomoni. Meza kwanza. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na zahanati yao, na mkuu wa zahanati alikuwa Tembo. Mwaka huo watoto wa wanyama waliharisha, wakaharisha, wakabaki ngozi na mifupa. Dawa ilikuwepo. Lakini mtoto aliyelegea ukimmiminia dawa anapaliwa, na ukimpa kwa kijiko, mkono unachoka kabla hajapata ya kumtosha.

Nungunungu alikuwa na mtoto mmoja tu, na huyo naye akalegea. Mama akakaa, akafikiri. Akajaza dawa kibuyuni, akakiziba mdomo. Akang'oa mwiba wa mkiani mwake, ule ulio wazi ndani, akauchomeka kitakoni mwa kibuyu. Kibuyu kikagoma. Akageuza, akatikisa, kikagoma. Mwisho akatoboa kitundu kidogo juu, hewa iingie. Ndipo dawa ikashuka: do! do! do! Semeni.

"Do! do! do!"

Siku ya tatu mtoto akaomba uji. Nungunungu alilia mpaka akasahau kuupika.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi. Ukibuni kitu kipya unakipeleka kwa Kobe, ng'ambo ya mto, naye anachora alama yako kwenye jiwe. Ukishachorewa, hakuna anayekitengeneza bila idhini yako. Lakini mwingine akijua siri yako, akakutangulia kwa Kobe, utakwenda kumwomba yeye ruhusa ya kutengeneza kitu chako mwenyewe. Na Kobe hupokea watu Ijumaa tu. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Si angempelekea tu nyumbani kwake?"

Mwanasha, Kobe nyumba yake anatembea nayo. Ijumaa ni Ijumaa.

Jumanne akaja jirani yake, Tumbili. "Shoga, nasikia una kibuyu cha ajabu. Nionyeshe ndani."

"Kinadondosha dawa pole pole, mtoto hapaliwi," akasema Nungunungu. "Ndani nitakuonyesha baada ya alama."

"Mimi nawe tumefikia kufichana?"

"Mpaka Ijumaa tu, shoga." Tumbili akaondoka amenuna, na Nungunungu akaumia moyo, maana walikuwa wakiazimana chumvi miaka yote.

Jumatano akaja Tembo mwenyewe. "Bi Nungunungu, nahitaji vibuyu mia kabla ya mvua. Wodi imejaa. Lakini hii ni zahanati ya wote, sichukui nisichokijua. Niachie kimoja nikijaribu."

Nungunungu akasita. Akikataa, watoto wa wenzake wataendelea kulegea. Akikubali, siri imetoka nje. Akakanda udongo, akauweka mlangoni. "Mzee Tembo, weka unyayo wako hapa, kwamba hutamwonyesha mtu mpaka Ijumaa."

Tembo akakanyaga, dii! Unyayo ukabaki, naye akaondoka na kibuyu kimoja. Tembo ni mkweli, wanangu, lakini siku hiyo alikuwa na wagonjwa arobaini. Alikijaribu kwa mtoto wa Swala, kibuyu kikafanya kazi vizuri, naye akakisahau dirishani. Na mfagizi wa zahanati alikuwa nani?

"Fisi!"

Fisi. Akakichungulia juu, akakichungulia chini, akacheka. "Kumbe ndiyo hivi tu?" Akaenda kutafuta kibuyu na tete la mtoni.

Ijumaa asubuhi Nungunungu akavuka mto na kibuyu chake kikwapani. Akafika kwa Kobe. Nani kakaa mkekani, mbele kabisa? Fisi, na kibuyu mapajani. Tembo alikuwepo, na akina mama wamejaa, Tumbili akiwemo, na Kobe ameshashika kijiwe cha kuchorea. Nungunungu akaliona jasho lake lote linakwenda na Fisi.

"Mzee Kobe, hicho ni changu," akasema.

"Chako?" Fisi akacheka. "Chako kibovu, kimetoboka juu. Mimi changu nimekiziba kwa nta, kizima."

Kobe akaweka kijiwe chini. "Cha kwake umekiona wapi?"

Fisi akatazama mtoni.

"Haya, kidondoshe tuone."

Fisi akakiinua kibuyu chake. Kikafanyaje?

"Do! do! do!"

Nyamazeni. Hakikudondosha kitu. Akakitikisa, wapi. Akakipiga makofi, wapi. Kobe akamgeukia Nungunungu. "Nawe?"

Nungunungu akainua chake, akaziba kitundu cha juu kwa kidole: kimya. Akaachia kidole. Sasa semeni!

"Do! do! do!"

Tembo akainamisha mkonga. "Unyayo wangu uko mlangoni kwa mama huyu tangu Jumatano. Nilikisahau dirishani. Kosa ni langu, nisamehe."

Kobe akachora alama ya Nungunungu kwenye jiwe, kwa mwendo wake ule ule. Alipomaliza mstari wa mwisho, Nungunungu akakaa vumbini palepale, pumzi ndefu ikamtoka, miiba yote ikalala. Wiki nzima ilikuwa imesimama na yeye hajui.

"Zahanati ipate vibuyu vyake mia," akasema. "Na zahanati nyingine yoyote ije iniombe, sitaikatalia. Ila wasizibe kitundu." Kisha akamwendea Tumbili, akamshika mkono, akamwonyesha ndani kabla ya akina mama wengine. Mvua ilipofika, wodi ilikuwa tupu, na Fisi alikuwa akifagia chini ya vibuyu mia vilivyotundikwa vikisubiri.

Basi wanangu, ukibuni kitu cha kuwafaa watu, kiwekee alama yako kwanza, ndipo uwafungulie mlango. Hadithi yangu imedondosha tone lake la mwisho hapo. Dzombo, hilo hindi ulilolificha nyuma ni langu.