Shimo Alilolitaka Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Ebo! Ndiyo sauti hiyo, au mmelala na njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Zamani, zamani hasa, nguchiro waliishi katika kichuguu kimoja. Kila asubuhi walisalimiana pua kwa pua, fyu fyu, ndipo waende kutafuta wadudu.

Likaja gonjwa la kikohozi. Koho! Koho! Likapita pua kwa pua. Wakafa wengi, jamani, wengi mno! Waliobaki wakawasukumia wafu katika shimo moja, wakaliziba kwa udongo. Tangu siku hiyo, kila asubuhi walikwenda kwenye shimo lile wakawataja wafu wao kwa majina.

Miaka ikapita. Akatawala Jumbe, nguchiro mwenye tumbo kubwa. Akasema, "Shimo lile nalifukua. Nataka sebule. Kikohozi chenyewe kilikuwa mafua tu!"

Mafua! Bi Hidaya, kikongwe, akasikia. Akaja, akaketi juu ya shimo. Pu!

"Mwanangu Mashaka yumo humu. Nilimzika bila kumgusa pua. Hunifukulii mwanangu!"

"Ondoka, bibi!"

"Siondoki!"

Jumbe akamgeukia Sudi, mtu mzima, aliyekuwa mtoto wakati wa kikohozi. "Sudi, ulikuwepo. Mwambie huyu bibi ukweli."

"Nakumbuka tulifungiwa ndani," akasema Sudi. "Tukacheza kutwa nzima."

"Mnasikia? Michezo!"

"Nakumbuka na baba akikohoa nje ya mlango. Halafu akanyamaza." Sudi akaenda kwa Bi Hidaya, akaketi. Pu!

Akaja Chiku, mjukuu wa Bi Hidaya, kadogo hivi. Jumbe akafoka, "Kinyangarika wewe! Ulikuwa hujazaliwa. Unakumbuka nini?"

"Kikohozi sikikumbuki," akasema Chiku. "Namkumbuka bibi akilia hapa. Kila asubuhi namwona. Utaniambia na hilo sikuliona?"

Chiku akaketi. Pu! Wakaja wazee, wakaja wazazi, wakaja watoto. Pu! Pu! Pu! Juu ya shimo kote kukajaa nguchiro.

"Haya, Jumbe," akasema Bi Hidaya. "Fukua basi!"

Jumbe akatazama huku, akatazama kule. Hakuona pa kutia ukucha. Akanywea, akaenda zake.

Mnasikia, wakubwa kwa wadogo? Aliyezika anakumbuka, aliyefungiwa anakumbuka, na aliyezaliwa baadaye anakumbuka machozi ya nyumbani kwao. Mkubwa asije akawaambia hayakutokea.

Ngano yangu naikomesha hapo. Anayebisha na asimame, mimi nimeketi.