Mwezi Mmoja wa Kulilisha Gari la Shekue

"Gari la fahari hula hata likilala." Mmeisikia leo sokoni mkacheka, mkauliza gari lina mdomo gani. Haya, wekeni simu chini, niwaambie ilikoanzia.

Hapa Tanga alikuwepo seremala mmoja, Mhina, kijana mwenye mikono ya baraka na kichwa kigumu. Siku ya kupeleka posa kwa kina Mwanaidi alikodi gari la mbio la Bwana Shekue, jekundu, limelala karibu na ardhi, lina mngurumo wa kutisha. Mtaa mzima ukatoka nje. Wakwe wakampokea kama waziri, naye akalewa sifa.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Shekue.

"Mzee, kukodi ni kutupa hela," alisema. "Siku moja tu umenitoza bei ya vitanda viwili. Niuzie kabisa. Nitauza karakana na mashine zangu zote."

Karakana ile ndiyo aliyomwahidi Mwanaidi kuwa itawalisha wakishaoana. Binti alipopata habari hakugomba, alilia tu. Mhina aliumia, lakini hakubadili nia.

Shekue hakubisha. "Kabla hujauza chochote, kaa nalo mwezi mmoja," alimwambia. "Sikutozi kitu. Ila kila linachohitaji utalipia wewe, kama lako."

Mhina akaona ameokota dodo chini ya mwarobaini. Kumbe!

Barabara ya kwao ilikuwa na matuta, na gari likaburuza tumbo kwenye tuta la kwanza tu. Ikabidi alilaze kwa mjomba wake, penye lami, na kuliwekea mlinzi. Bima yake ilizidi kodi ya nyumba ya mwaka. Kwa kukaa bila kuendeshwa, betri ikafa, na ya aina ile ikaagizwa Dar. Likapata pancha, fundi akasema tairi zile hazizibwi, hununuliwa mpya, tena mbili mbili. Na muda wote huo kabati la mteja lilikuwa karakanani halina milango.

Siku moja mchana Mwanaidi alimkuta akilifuta vumbi.

"Umekula?" alimuuliza.

"Bado."

"Na hili?"

Mhina aliweka kitambaa chini. "Hili limekula kila siku," alisema, "na mwezi huu nimeliendesha mara mbili."

Mwanaidi akacheka, na Mhina naye akajikuta anacheka. Wakaenda pamoja kurudisha ufunguo.

"Ulidhani mimi nalilishaje?" Shekue alimuuliza. "Nyinyi mnaolikodi ndio mnaolilisha. Na bado kila mwaka thamani yake inashuka."

"Basi nitalikodi siku ya harusi," alisema Mhina. "Jioni lirudi kwako, likale huko."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwanaidi alipanda gari jekundu, matarumbeta yakalia, na jioni likarudi kwa mwenyewe. Wiki haikuisha, mashine za karakana zikawa zinanguruma, na maharusi wale wakala jasho lao kwa raha.

Wenye maneno hawakukosekana. Walimfuata kazini wakamuuliza kwa nini hakulinunua, na uwezo alikuwa nao. Mhina hakuacha hata kupiga randa. Akawajibu, "Gari la fahari hula hata likilala."