Pipa la Alianiko la Mzee Masinjisa

Mbukwenyi, hamjambo! Sogeeni, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana kesi hii haitaki watu wa kusinzia. Kila nikiisimulia, watu huondoka wakigombana.

Kule Hombolo, Dodoma, aliishi Mzee Masinjisa na wanawe watatu. Chedego, kifungua mimba, alijaliwa subira. Ungemwambia apike jiwe mpaka liive, angeuliza tu kuni ziko wapi. Sechelela, binti wa kati, alijaliwa ulimi. Akionja mboga alijua maji yametoka kisima kipi. Ndahani, kitinda mimba, alijaliwa sikio. Aligonga tikiti akakwambia kama limeiva.

Shamba lao lilikuwa la mizabibu ya alianiko, zabibu nyeusi ya Kiitaliano. Vipando alivileta Bruda Donato, mmisionari rafiki wa mzee, mzaliwa wa Taurasi, mji wa Italia. Kwao zabibu hiyo hutoa mvinyo mwekundu mzito, unaolazwa miaka mingi ndipo unyweke. Majirani wa Hombolo walipanda zabibu nyeupe zenye wanunuzi, wakamcheka mzee hadi akachoka. Bruda alipokwenda kwao Italia, mzee akawaita wanawe.

"Tutatengeneza pipa moja tu. Bruda akirudi ataonja. Ikiwa siki, nang'oa mizabibu yote, sibakizi hata mzizi. Ukiwa mvinyo, shamba nampa mmoja wenu, yule aliyeuokoa. Kisima ni kimoja, shamba haligawanyiki."

Watatu wale walikulia shambani mle na hawakujua kazi nyingine.

Msimu ukafika, majirani wakavuna. Na Hombolo jirani akivuna nawe unavuna, la sivyo ndege wote wanahamia kwako. Mzee akashika mkasi. Chedego akamzuia njiani.

"Baba, bado. Bruda alisema hii huiva ya mwisho."

"Ndege watazimaliza!"

"Ndege niachie mimi."

Akahamia shambani, akipiga debe tangu alfajiri hadi jua kuzama, mpaka sauti ikamkauka na viganja vikatoka malengelenge. Mama wee, watu walimcheka! Lakini zilipovunwa, zabibu zilikuwa nyeusi tii, tamu kweli.

Mvinyo ukaingia pipani. Mwaka ulipopita, mzee akashindwa kuvumilia, akafungua kizibo akaonja. Lo! Ukakasi ulimkunja uso kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Akatema.

"Siki hii! Mwageni, na jembe mniletee!"

Sechelela akachota, akaonja taratibu, akameza. "Baba, siki huchoma koo. Huu umenishika ufizi tu. Haujaharibika, ni mchanga."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, mzabibu wa kwanza nitaung'oa mimi mwenyewe."

Akapanda juu ya pipa akakaa. Mzee alifoka, akatukana, lakini kumburuta bintiye hakuweza.

Miaka ikaenda. Kiangazi kimoja upepo mkavu ukazipasua mbao. Ndahani akipita ghalani aligonga pipa, nalo likajibu kwa sauti tupu. Linavuja! Akalizungushia magunia mabichi, akamwagia maji mpaka mbao zikavimba zikabana. Lakini juu pamebaki hewa, na hewa ndiyo mama wa siki. Pipa lilihitaji kujazwa, na alianiko nyingine haikuwepo, maana mavuno mengine yote yaliuzwa kama zabibu, hayakukamuliwa.

Ila chupa moja tu. Kabatini mwa baba ilikaa chupa ya alianiko kongwe ya Taurasi, zawadi ya Bruda. Wazee hao wawili waliapiana kuinywa pamoja siku watakayoonana tena. Ndahani akaifungua, akaimimina yote pipani. Hakumwambia mtu.

Bruda akarudi, mgongo umepinda. Mzee akamjazia glasi. Bruda akanusa, akaonja, akafumba macho. Kisha machozi yakamtoka.

"Masinjisa ndugu yangu, nimeonja ladha ya nyumbani kwa mama yangu."

Vigelegele! Mzee kwa furaha akaikimbilia chupa yao. Akaikuta tupu. Ndahani akapiga magoti, akasema yote.

"Umeniibia!"

"Nimeiba, Baba. Ningekuomba, ungenipa?"

"Bila mimi kungekuwa na nini cha kuokoa?" akadakia Chedego. "Na wewe dada, si utaolewa uende zako?"

"Kwani nilipolikalia pipa uliniuliza naolewa lini?" Sechelela akang'aka.

"Nyie mlisema tu kwamba bado," alisema Ndahani. "Mimi nimeivunja ahadi ya baba, na hilo nitaishi nalo."

Bruda akamgusa rafiki yake begani. "Neno ulilitoa mwenyewe. Amua leo, kabla hawajachukiana."

Mzee Masinjisa akawatazama wanawe mmoja mmoja, na jina halikutoka.

Basi msaidieni, msinitazame mimi. Wewe uliyetikisa kichwa hapo, shamba ungempa nani? Ukishamtaja, wageukie wale wawili, uwaambie machoni kwa nini waondoke.