Likwata na Neno la Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelishwa mawe? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Kaeni vizuri, maana kisa hiki kinaudhi.

Hapo zamani za kale palikuwa na nyati dume, mkuu wa kundi lake, jina lake Likwata. Mkewe aliitwa Somoe. Walikaa kando ya mto wenye nyasi tele, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, Chingwele.

Siku ya kumtoa mtoto nje walimwalika Kakakuona, ajuaye ya kesho, wakamwomba amtabirie. Kakakuona akala mchwa akashiba, akajikunjua, akasema, "Likwata, mwanao atakusukuma topeni, na humo hutatoka."

Somoe akachukia. "Babu, si ungekula tu ukaenda zako?"

"Nimeulizwa, nimejibu," akasema Kakakuona, akaondoka.

Tangu siku hiyo Likwata hakutulia. Mtoto akija kunyonya, baba anaruka kando. Asubuhi moja Somoe akaamka, mtoto hayupo.

"Baba Chingwele, mtoto yuko wapi?"

"Nimempeleka kwa pundamilia, ng'ambo ya milima. Hatarudi. Neno la Kakakuona nimelishinda!"

Somoe alilia mpaka sauti ikakauka. Maziwa yalimjaa, yakamuuma, hakuna wa kuyanyonya. "Mtoto hata pembe hana, unamwogopa kama simba! Haya. Tuone."

Masika yakaja, kingo za mto zikawa tope tupu. Likwata akaona tope, akarudi nyuma. Akalihamisha kundi zima hadi nyika kavu, kwenye nyasi ngumu kama ufagio.

"Huku hakuna tope," akasema. "Neno la Kakakuona nimelishinda!"

"Hata maji hakuna," akasema Somoe. "Haya. Tuone."

Ikapita miaka, kisha ukaja ukame. Ndama wakaanza kuanguka. Kundi likaomba, "Mkuu, turudi mtoni." Likwata akakataa katakata. Akainamisha kichwa, akachimba kisima kwa pembe na kwato, siku baada ya siku, mpaka maji yakachuruzika.

Somoe akasimama ukingoni, akachungulia. "Mume wangu, unachimba nini?"

"Maji."

"Na maji yakichanganyika na udongo, huitwaje?"

"Wewe mwanamke una maneno mengi! Neno la Kakakuona nimelishinda!"

Somoe akashusha pumzi. Alikuwa amechoka, jamani. "Haya. Tuone."

Siku iliyofuata akatokea nyati kijana, peke yake, ulimi nje. Ukame ulikuwa umemfukuza kutoka ng'ambo ya milima.

"Shikamoo, mzee. Naomba maji."

"Kisima changu. Ondoka."

"Mzee, nimetembea siku tatu."

"Ondoka!"

"Mzee, nakufa."

"Kafie mbele!" Likwata akasimama kumzibia njia.

Kijana naye kiu ilimzidi. Akapenya kwa bega, ukingo ukamomonyoka, Likwata huyoo, chubwi! Tope likamshika miguu, likamshika tumbo.

Kijana akashtuka. "Mzee, sikukusudia! Shika pembe yangu!" Akavuta mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kila akivuta, mzee anazidi kuzama.

Somoe akaja mbio. "Wewe mtoto wa nani?"

"Sijui, mama. Nimelelewa na pundamilia. Wao huniita Chingwele."

Somoe akapaza sauti, "Mwanangu!" Likwata naye alisikia. Tope lilikuwa limefika shingoni.

"Mama Chingwele," akasema, "nilikimbia kwa nguvu zangu zote."

"Najua. Nami nilikuwa nakimbia nawe, wala hukuniuliza kama nimechoka." Machozi yakamtoka kwa hasira na huruma. "Ungemlea, labda siku hii ingekuja vilevile. Lakini angekuita baba."

Kijana akamtazama mama, akamtazama yule mzee topeni. "Baba?" akaita.

Likwata alijibu kwa macho tu, kisha tope likamfunika.

Jioni ile Somoe akalirudisha kundi mtoni, mwanawe akitembea ubavuni pake.

Basi jueni: lililoandikwa ndilo liwalo, na mbio hazilifuti. Msiwatupe wenu leo kwa kuiogopa kesho, maana kesho itakuja, na mtaikuta mkiwa wapweke.

Kisa nimekitua hapo. Kama kimewakolea, kibebeni. Kama kimewachoma, niachieni mwenyewe, nimeshakizoea.